Sahani Tatu za Mjomba Mbaluka

Kwa wasomaji wote wa gazeti hili, kwa maofisa wanaosimamia madini ya nchi yetu tukufu, na kwa mwalimu wangu wa Jiografia aliyenipa alama kumi na tisa kwa mia: natangaza rasmi, mwezi huu wa Julai 1996, kwamba mimi Kaleli, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye mtafiti wa kwanza wa dhahabu kutoka Mwiki, Ruiru.

Nilichochimbua mpaka sasa ni vifuniko vya soda kumi na vinne, kijiko kisicho na mpini, na bawaba ya mlango.

Dhahabu yenyewe nimeiona mahali pamoja tu. Ilikuwa kwenye kidole cha mke wa mjomba wangu, na kidole kilikuwa kimefukiwa shimoni.

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua kwa nini niko nyumbani wakati wenzangu wako darasani. Niliiandikia shule barua kwa jina la ofisi ya elimu, nikaamuru wanafunzi wale chapati kila Alhamisi kwa ajili ya afya ya ubongo. Muhuri niliuchonga kwenye kiazi kitamu. Tulikula chapati Alhamisi tatu. Ya nne, mpishi aliinusa barua akasema ina harufu ya chakula. Nikapewa wiki mbili za kwenda kutafakari.

Mjomba Mbaluka, ninayekaa naye, hakunichapa. Angenichapa ningeelewa. Alinitazama tu, akasema kama Kiingereza changu kinaweza kudanganya shule nzima, basi kitamfaa na yeye. Akaweka sanduku juu ya meza.

Ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kutafuta madini. Ni fimbo ndefu yenye kisanduku cha betri juu, vipaza sauti vya kuvaa masikioni, na chini yake mahali pa kufungia duara la plastiki jeusi lenye nyaya zilizofichwa ndani. Hilo duara ndilo sikio la mashine. Unalipitisha juu ya udongo, na likisikia chuma chochote, mashine inalia.

Sasa, mashine ilikuwa moja, masikio matatu. Anti Mbinya, mke wa mjomba, aliyatazama kama mtu anayetazama vyombo vya jikoni akayapa majina papo hapo. Dogo likawa kisosi. La kati likawa sahani. Kubwa, lililokuwa na upana wa ungo mdogo, likawa sinia.

Vyote vilitoka kwa Mzee Idarous, mwenye yadi ya vyuma chakavu kule Majengo, Thika. Mtu mmoja aliyekuwa akipima mawe alimwachia alipohama nchi. Mkataba ulikuwa hivi: mjomba akae navyo mpaka Jumamosi, avijaribu, achague sikio moja. Mawili yarudi, yana mteja mwingine. Na badala ya mashine na sikio hilo moja, Idarous atachukua cherehani ya Anti.

Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Tangu kiwanda cha nguo kilipowapunguza watu Thika, na mjomba akiwa mmoja wao, kila sufuria iliyowekwa motoni kwetu iliwekwa na sare za shule ambazo Anti alishona kwa miguu yake kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia.

Mjomba hakuwa mjinga. Rafiki yake wa kiwandani alikuwa amerudi kwao Migori, akamwandikia kwamba mvua ikinyesha kule watu wanaokota dhahabu mashambani. Si mawe makubwa. Punje, kama za mchele, na siku ya bahati kama ya maharagwe. Wanaokota kwa macho. Je, mtu mwenye sikio?

Anti alisikiliza yote, akafuta mikono kwa leso.

"Baba Nduku, cherehani nitatoa," alimwambia mjomba. "Lakini nisikie kwa masikio yangu mwenyewe hiyo kitu ikilia kwa dhahabu. Si kwa msumari."

Hapo ndipo penye taabu. Katika ploti yetu nzima ya nyumba kumi na mbili, dhahabu ilikuwa moja: pete ya ndoa ya Anti. Na pete ilikuwa haijatoka kidoleni kwa miaka kumi na minne. Sabuni ilishindwa. Mafuta ya kupikia yalishindwa. Mjomba alivuta mpaka Anti akamwuliza kama anataka pete au anataka mkono.

Kwa hiyo tulizika mkono.

Sikiliza vizuri, maana watu wa Mwiki bado wanaisimulia vibaya. Nilichimba shimo nyuma ya bafu. Anti akalala ubavu juu ya gunia, kwa heshima zote, akatia mkono ndani, nami nikaufukia. Kwanza mpaka kifundo. Halafu zaidi. Halafu mpaka kiwiko.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeombwa nisome kitabu cha maelekezo, kwa kuwa kilikuwa cha Kiingereza na mjomba aliachia darasa la sita. Nilisoma kurasa kumi za kwanza kwa sauti ya padri. Ukurasa wa nne ulisema anayetafuta asivae kitu chenye chuma karibu na mashine. Hilo ni kweli. Mimi nikalikuza kidogo. Nilisema watengenezaji wanamwomba mteja wao mpendwa avue mkanda, avue viatu vyenye misumari, na avue suruali yenye zipu.

Ndiyo maana Jumatano hiyo, kwenye baridi ya Julai, Mjomba Mbaluka alitembea nyuma ya bafu akiwa miguu mitupu, amejifunga leso ya mkewe, vipaza sauti vikining'inia shingoni, akipitisha mashine juu ya mkono uliozikwa. Wapangaji walitoka mmoja mmoja. Mama mmoja alituuliza polepole kama tunahitaji maombi.

Matokeo yalikuwa wazi. Kisosi kilisikia pete ikiwa imefunikwa kidogo tu, kikanyamaza. Sahani ilienda chini zaidi. Lakini sinia lilisikia pete mpaka mkono ulipofika kiwiko, na likalia kwa sauti tamu, hata Anti, akiwa amelala pale na udongo shingoni, alitabasamu.

"Hii ndiyo mke," mjomba akasema akilipapasa sinia.

"Na mimi ni nani?" Anti akauliza kutoka chini.

Basi mambo yalikuwa karibu kwisha. Ilibaki mjomba anipe siku moja nimalizie kusoma kitabu, ili tuwe na hakika. Alhamisi akaenda Ruiru mjini kutafuta hema la kulalia. Akaniacha na mashine.

Msomaji, ningekuwa mtu wa kutulia, hadithi hii ingeishia hapo na ungesoma matangazo ya biashara. Lakini tangu nifukuzwe shule nilikuwa na mikono inayowasha. Nililala nikigeuka. Niliamka nikizunguka ploti kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikafunga kisosi kwenye mashine, kwa sababu ni chepesi, nikatoka nacho mpaka mbele ya bucha ya Bwana Mukonyo, ambapo watu huwa wengi.

Nikafungua mahakama.

Niliwatangazia kwamba serikali imeleta mashine ya kupima uongo, na mimi nimeteuliwa kuifanyia majaribio Mwiki. Chini ya soli ya kiatu changu nilikuwa nimebandika kifuniko cha soda. Nikitaka mtu awe mwongo, nasogeza kiatu karibu na kisosi. Mashine inalia. Nikitaka awe mkweli, naondoa mguu.

Wa kwanza alikuwa Mumbi, anayeuza maji kwa mitungi. Nilimuuliza kama mtungi wake ni lita ishirini kamili. Akaapa. Mashine ikalia mpaka watoto wakaziba masikio. Mumbi alisema hiyo kitu imetengenezwa na adui zake, lakini alicheka, na wateja wake wakacheka zaidi.

Nilipaswa kuishia kwa Mumbi.

"Niaje, Bwana Mukonyo," nikamwambia mwenye bucha. "Serikali inauliza. Ile mbuzi ya jana ilikuwa mbuzi?"

Sikusogeza hata kiatu. Mukonyo alikuwa na kisu kwenye aproni na mkanda wenye kifungo cha chuma kikubwa kama sahani ya chai. Mashine ililia peke yake, bila msaada wangu, na haikunyamaza. Kijana mmoja nyuma akabweka kama mbwa.

Mukonyo hakupiga kelele. Alipitisha tu ubapa wa panga lake la kukatia nyama, kama mtu anayefukuza nzi. Ukalipata duara. Kisosi kikachomoka, kikaruka, kikagonga ngazi ya saruji. Plastiki ikapasuka. Waya ukakatika. Mashine ikanyamaza kimya ambacho nimewahi kukisikia mara moja tu, ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mukonyo alikitazama. Mimi nilikitazama. Watu wakakumbuka kwamba wana kazi za kufanya.

"Hiyo ni ya mjomba wako?" aliuliza.

"Ni ya mtu wa Thika."

Akaingia ndani, akarudi na nusu kilo ya maini kwenye gazeti. Akanipa. Tulikuwa tumeelewana.

Nilikitibu kisosi kwa elimu yote niliyopata bwenini. Nilizisokota nyaya, nikaziba ufa kwa nta ya mshumaa, nikapaka rangi nyeusi ya viatu na kung'arisha kwa soksi. Kwa macho kilikuwa kizuri kuliko siku kilipotoka dukani. Nilipokiwasha kililia. Nilishukuru. Kisha nikagundua kwamba hakinyamazi. Kililia kwa meza. Kililia kwa ukuta. Kililia kwa mto wa kulalia. Nikaona kuimba sana si vibaya kama kuwa bubu, nikakirudisha sandukuni, nikajiambia kwamba hakuna atakayekigusa tena. Mjomba anataka sinia. Kisosi kitarudi kwa mwenyewe kikiwa kimelala.

Nilikuwa nimeokoka. Nikala maini. Nikachukua kitabu nimalizie kusoma, nikiwa na moyo mweupe kabisa.

Nikafika ukurasa wa kumi na moja.

Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na picha ya pete, na juu ya pete alama kubwa ya mkasi, ile X ya kukataza. Nilisoma maneno yaliyo chini yake mara tatu, na kila mara yalisema vilevile. Mkono ukaanza kuwasha tena. Kama ningeyasoma kwa sauti, mjomba angemwambia Anti afungue sanduku, na katika yale masikio matatu angetoa lile moja ambalo sikutaka litolewe.

Nikaichana ile karatasi taratibu, karibu na mshono, kama mtu anayekata keki ya harusi. Nikaitia mfukoni mwa suruali. Mjomba aliporudi na hema, nikamwambia nimemaliza kitabu chote na kinakubaliana naye.

"Kinasema sinia?"

"Kinasema kikubwa kinasikia mbali."

Hilo lilikuwa kweli. Nataka liandikwe kwamba lilikuwa kweli.

Ijumaa sikuwa na pa kukaa. Nilitoka nje nikaona baridi, nikarudi ndani nikaona joto. Chakula kilikuwa na ladha ya gundi. Mjomba alikuwa amebadilika mtu. Tangu kiwanda kimpunguze alikuwa akikaa kitandani akitazama ukuta, lakini sasa alipiga mluzi, akakunja nguo, akamwuliza Anti kama Migori kuna baridi. Alimwonyesha jinsi atakavyolipitisha sinia, taratibu, kushoto kulia, kama anayefyeka nyasi.

Anti alikuwa akiiaga cherehani. Hakusema hivyo. Aliitia mafuta, akaifuta gurudumu kwa kitambaa, akafuta na vijidroo vyake. Jioni alitafuta kitu cha kushona, kwa sababu miguu yake ilikuwa haijazoea kukaa bure. Akapata suruali yangu ya shule, ambayo ilikuwa imetoboka magotini. Akaniambia nivae kaptula nikalale.

Kabla sijalala nilimwuliza kama ana hakika.

Alikata uzi kwa meno. "Kaleli, mjomba wako amekaa miezi saba akiongea na ukuta. Wiki hii anaongea na mimi. Sasa mimi nibaki na cherehani na yeye abaki na ukuta?"

Niligeuka usiku kucha kitandani, nikihesabu Jumamosi zilizobaki mpaka nizeeke.

Asubuhi tulihitaji gari la kupeleka cherehani Thika. Katika Mwiki yote, mwenye pikapu aliyekuwa tayari ni nani? Bwana Mukonyo. Alikuja nayo imeoshwa, imebaki na harufu tu. Akasaidia kupakia cherehani. Akapita karibu yangu akifunga kamba.

"Ile kitu iko sawa?" alininong'oneza.

"Inaimba," nikasema.

Akashusha pumzi na kuendesha mpaka Thika kwa furaha, akimsimulia mjomba habari za Migori, ambako hajawahi kufika. Mimi nilikaa nyuma na cherehani. Kila shimo la barabara, gurudumu lake lilizunguka kidogo peke yake.

Yadi ya Mzee Idarous ilikuwa na milima ya vyuma: injini, mabati, fremu za vitanda, mabomba. Mwenyewe alikuwa mzee mpole mwenye kofia nyeupe na koti la kijivu, aliyeamkia kila mtu, hata mimi, na kuagiza chai kabla ya neno lolote la biashara. Lakini pale kwake kulikuwa na utaratibu mmoja. Kitu hakitoki na hakirudi mpaka binti yake Sumeya, wa kidato cha nne, akikague. Mzee alisema mali chakavu ina adui mmoja, nayo ni mtu anayesema tayari ameiangalia.

Sumeya alikaa juu ya tairi, sanduku mbele yake. Hakuwa na haraka. Alihesabu skrubu. Alijaribu vipaza sauti. Alifunga sahani, akaipitisha juu ya nati ya chuma, ikalia, ikanyamaza. Safi. Akafunga sinia. Likalia, likanyamaza. Safi. Mjomba alilipiga kofi dogo kama anavyopigwa ng'ombe mwema.

"Hako kadogo hakana haja," nikasema. "Hakajatumika."

"Ndiyo nakajaribu," Sumeya akasema.

Akakifunga kisosi. Akawasha. Kikaanza.

Mzee Idarous aliinua nyusi kwa furaha akasema kumbe hako ndiko kakali kuliko vyote. Mjomba alisogea. Sumeya alikipitisha juu ya nati, kikalia. Akakisogeza kwenye mchanga mtupu, kikalia. Akasimama juu ya tairi, akainua mashine kwa mikono miwili mpaka kisosi kikaelekea mawinguni, mbali na chuma chochote duniani.

Kikaendelea kulia.

"Baba," alisema, "hii inasikia dhahabu mbinguni." Akapitisha kidole kwenye plastiki, kidole kikatoka cheusi. Akakinusa. "Na imepakwa rangi ya viatu."

Wote walinigeukia isipokuwa Mukonyo. Mukonyo alikwenda kuangalia upepo wa magurudumu ya pikapu yake.

Nikaungama. Nilisema mahakama, nikasema mashine ya uongo, nikasema kifuniko cha soda. Nilipofika kwenye panga nilisema "ajali". Mukonyo alirudi kutoka kwenye magurudumu, akavua kofia.

"Ni mimi nilipiga," akasema. "Lakini alikuwa ameniuliza kama nauza mbwa."

Mzee Idarous aligeuza kisosi mikononi. Nilingoja hasira. Ikaja hukumu, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyostahili: kisosi kimekufa, mwenye bucha atamletea kingine au kinachofanana nacho akikipata, na mimi nitakuwa nikija yadini kila siku ya likizo kupanga vyuma mpaka Sumeya aridhike. Sumeya alisema yeye haridhiki haraka.

Mjomba alinishika sikio. Halafu, msomaji, akaliachilia. Akacheka. Alikuwa na raha mno siku ile, hakutaka kuiharibu.

"Hata hivyo hatukuwa tunakataka," akasema. "Sisi ni watu wa sinia. Mzee, tumalizane."

Nilisamehewa. Hebu fikiria. Nilisimama katikati ya yadi nimeungama, nimesamehewa, nimepewa adhabu ya haki, mbele ya mashahidi. Ningeweza kunyamaza, na mpaka leo ningekuwa mtu mwema.

Mukonyo na mfanyakazi wa yadi wakaishika cherehani, mmoja huku, mwingine kule, wakaanza kuishusha kutoka kwenye pikapu. Anti alitembea pembeni yao akiwa ameweka kiganja juu ya mbao yake, kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Sumeya alikuwa bado na kitabu cha maelekezo. Alikuwa akikipekua.

"Hiki kinatoka kumi kinaruka kumi na tatu," akasema.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe. Mfuko ulikuwa mtupu. Niliusaka mpaka pembeni. Ulikuwa umefuliwa, umepigwa pasi, na goti limeshonwa vizuri.

"Subirini kwanza," Anti akasema. Wanaume wakasimama na cherehani hewani. Alifungua mkoba wake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya mbao ya cherehani na kuilainisha kwa mkono ule ule uliozikwa.

"Nilikuta hii jana kwa suruali. Kiingereza sijui," alisema. "Lakini picha najua. Hii ni pete, na imepigwa mkasi. Nikajiuliza, mbona pete imekatazwa, na mimi nimelala chini na pete yangu, watu wakitazama? Nikasema kijana ataniambia. Nimekungoja usiku, nimekungoja kwa gari, nimekungoja mpaka hapa."

Hakuinua sauti. Angeinua ningeelewa.

"Soma," akasema. "Na usiongeze kitu."

Nikasoma. Hakuna siku niliyotafsiri Kiingereza vizuri kama siku ile, wala kwa sauti ndogo kama ile. Karatasi ilisema usijaribu mashine kwa pete. Pete ni duara lililofungwa, na kwa mashine kitu kama hicho hulia kwa nguvu kuliko kipande cha dhahabu ya shambani chenye uzito uleule. Pete itakudanganya, ufikiri mashine inasikia mbali. Mwenye kutafuta punje ajaribu kwa kipande kidogo cha madini ya risasi kilichopondwa.

"Endelea," akasema mjomba.

Sikio kubwa, nikasoma, ni la kutafuta kitu kikubwa kilichozama sana. Punje ndogo linapita juu yake bila kuisikia. Na penye udongo mwekundu wenye chuma kingi, sikio kubwa linasikia udongo mwingi mno kwa wakati mmoja, likalia ovyo mpaka mtu achanganyikiwe.

Mjomba alilitazama sinia mkononi mwake. Alilitazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama ukuta.

"Udongo wa Migori ni wa rangi gani?" aliuliza, lakini hakuwa akiniuliza mimi. Mzee Idarous, aliyewahi kununua vyuma kule, alisema kwa upole kwamba sehemu anazozijua ni mwekundu.

"Na dhahabu yenyewe ni punje za mchele," akasema mjomba.

"Ndiyo, Mjomba."

"Ulijua tangu lini?"

"Alhamisi."

"Nilipokuuliza kama kitabu kinasema sinia?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimeshachana."

Wanaume wawili bado walikuwa wameibeba cherehani, haijagusa chini, mikono ikianza kutetemeka. Mfanyakazi wa yadi aliuliza kama waishushe au waipandishe. Anti aliushika mguu mmoja wa cherehani ili kuwapunguzia uzito.

Mjomba Mbaluka akaweka sinia chini, juu ya mchanga. Akanisogelea mpaka nikaona nywele nyeupe kidevuni mwake ambazo sikuwahi kuziona. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Kaleli. Hapo mwisho, karatasi inasema mtu anayekwenda mahali kama pale achague ipi?"

Niliitazama karatasi ingawa nilikuwa naijua kwa moyo. Nilimtazama Sumeya, naye akatazama kando. Kisha nikanyoosha kidole kwenye tairi, mahali kisosi kilipokuwa kimelazwa na ufa wake, betri haijazimwa, kikilia peke yake.

"Hiyo, Mjomba," nikasema. "Niliyoivunja."